Barua kwa Mwanangu kutoka Tengboche

Mwanangu Neema,

Hujambo mama? Mimi mzima, namshukuru Mungu. Nakuandikia kutoka Tengboche, Nepali, mita 3,860 juu ya usawa wa bahari. Ni juu zaidi ya Horombo, ile kambi ya Kilimanjaro ninayokusimulia siku zote. Sasa fikiria: Horombo hakuna anayelima. Kwetu migomba ikiisha unaanza msitu, na kutoka hapo mlima ni wa wageni, waongozaji na wapagazi. Huku Washerpa, wenyeji wa milima hii, wanazaliwa, wanalima na kuzeeka huku huku juu.

Leo tumetoka Khumjung, kijiji cha mita 3,790. Kina shule iliyojengwa mwaka 1961 na Edmund Hillary, yule aliyefika kilele cha Everest na Tenzing Norgay mwaka 1953. Nimewakuta watoto wakikimbilia darasani kwenye baridi ile, mimi nimevaa majaketi mawili! Mashamba ni vipande vidogo vilivyozungushiwa kuta za mawe, na zao kubwa ni viazi. Mama mwenye nyumba tulikolala alikwaruza viazi vibichi, akachanganya na unga, akakaanga chapati nene tukala na siagi. Moto wake ulikuwa wa kinyesi kikavu cha yaki, ng'ombe wa huku mwenye manyoya marefu, maana eneo lote ni hifadhi ya taifa tangu 1976 na miti haikatwi ovyo.

Kutoka kijijini njia inashuka sana hadi daraja la kuning'inia kwenye mto Dudh Koshi, kisha inapanda mita 600 hivi. Wanyama wa mizigo wakija, unajibana upande wa mlima, kamwe si upande wa korongo. Kuta za mawe yaliyochongwa sala unazipita ukiziweka mkono wako wa kulia.

Kwenye mpando huo nilimwona mpagazi ambaye sitamsahau. Kikapu mgongoni, mkanda umepita kwenye paji la uso, mkononi fimbo fupi yenye umbo la T. Anapiga hatua chache, anaisimika fimbo chini ya kikapu, mzigo unakaa juu yake, anavuta pumzi akiwa wima, anaendelea. Kwetu mzigo unapimwa getini, mwisho kilo 20. Huku wanaopeleka bidhaa madukani hulipwa kwa kilo, basi wengine hubeba karibu sawa na uzito wa miili yao. Mimi nimeanza kazi kwa kubeba, mwanangu, na iliniuma. Tulikunywa naye chai. Kazaliwa Ijumaa, ndiyo maana anaitwa Pasang. Nilipomwambia kwetu angeitwa Juma, alicheka sana.

Unasema ukimaliza chuo utaongoza wageni. Nataka uwajue wapagazi wako kwa majina, na kwenye mizani usimame mwenyewe, usimtume mtu.

Hapa Tengboche kuna monasteri, nyumba ya watawa wa Kibudha, iliyobomolewa na tetemeko mwaka 1934, ikaungua 1989, na mara zote wameijenga upya. Mbele yake umesimama Ama Dablam, mita 6,812, na kwa kweli sijaona mlima mzuri kama huu, ingawa wazee wa Marangu wasinisikie.

Kesho tukijaliwa tunaelekea kijiji cha Pangboche. Kichwa hakiniumi na usingizi naupata. Msalimie mama yako na bibi, na ada ya muhula nimeshamwachia baba mdogo, kaichukue.

Baba yako