Shangazi, mume wangu anahesabu kodi ya nyumba tu

Shangazi, pokea salamu zangu kutoka Lowell, Massachusetts. Wakenya tuko wengi hapa, lakini jambo hili siwezi kulipeleka kanisani wala kwenye chama.

Baba watoto anataka tuhamie Houston mwezi wa Agosti. Hapa tunalipa dola 2,300 kwa mwezi, vyumba viwili. Ndugu yake aliye Houston analipa 1,400, vyumba vitatu na uwanja wa watoto kuchezea. Tena Texas haikati mshahara ushuru wa jimbo, ilhali huku tunakatwa asilimia 5. Kwake hesabu imeisha.

Kwangu haijaisha. Yeye anaendesha trela za masafa marefu na hulipwa kwa maili, kwa hivyo pesa zake ni zile zile popote tutakapoishi. Mimi ni msaidizi wa wauguzi katika makao ya wazee, dola 22 kwa saa. Nilipoulizia kazi kama hii Houston niliambiwa 16. Kwa saa 40, hizo ni dola 240 zinazopotea kila wiki, yaani 960 kwa wiki nne, zaidi ya 900 anazosema tutaokoa kwa kodi kila mwezi. Ushuru wa jimbo utatupa afueni, sikatai, lakini sasa naenda kazini kwa miguu. Huko nitahitaji gari langu, bima yake na mafuta.

Anasema tutanunua nyumba. Ni kweli za Houston ni nafuu, na mimi pia nimechoka kupanga. Lakini Texas hutoza ushuru mkubwa wa nyumba kila mwaka, na bima ya kawaida hailipi mafuriko. Kimbunga Harvey kilipopiga mwaka wa 2017, maelfu ya familia waliingiliwa na maji bila bima ya mafuriko.

Linaloniuma zaidi ni masomo. Tangu 2024 jimbo hili linawalipia karo ya vyuo vya jamii wakazi wasio na digrii, na nimekubaliwa kuanza uuguzi Septemba. Nimeingoja nafasi hii kwa muda mrefu sana, Shangazi. Nikihamia Texas, karo ni yangu, tena mwanzoni kwa bei ya watu wa nje ya jimbo. Muuguzi aliyesajiliwa hupata mara mbili ya mshahara wangu, au zaidi. Hilo halimo kabisa kwenye hesabu yake.

Nikimweleza, ananiambia nawakimbia watu wake. Si kweli. Shemeji na mkewe nawapenda, na najua mume wangu ana upweke huku.

Mwenye nyumba anataka jibu kabla ya Juni kuisha. Je, nimwombe shemeji azungumze naye, au nitaonekana nimemwaibisha mume wangu kwa ndugu yake? Na akikataa kungoja nimalize masomo, nibaki na watoto yeye atangulie?

Mama wa wawili, Lowell