Barua kwa Zuhura: pikipiki ya kwendea kazini

Goba, Dar es Salaam

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam aleikum. Nimefurahi mno kusikia uhamisho umepita na nyumba umepata hukuhuku Goba. Sasa kuhusu lile swali lako, ununue ipi ya kwendea kazini, skuta ya samawati uliyonitumia picha au pikipiki ya Boxer 150 anayoshikilia shemeji. Sikutaka kulijibu kwenye simu kwa sababu jibu langu si hiyo wala hiyo, na sababu zake ni nyingi, bora nikae nikuandikie.

Tafuta pikipiki ya kawaida ya injini ya cc 125, ya gia, yenye selfu na kiki za kuwashia vyote viwili, ya aina ambayo fundi yeyote wa mtaani ameshaifungua. Kwa hapa Dar namaanisha TVS HLX 125 au Boxer ya 125. Hazina urembo wa kumfanya mtu ageuke njiani, najua. Lakini wewe unataka kufika kazini Upanga saa moja na nusu asubuhi, siku tano kwa wiki, kwa miaka, na ubakiwe na hela ya ada za watoto.

Skuta siidharau hata kidogo. Nikienda Unguja huwa natazama akina mama wanavyozipanda Vespa kwa raha zao, na nakumbuka kwamba zilisukwa kwa nia hiyohiyo. Ilipotoka kule Italia mwaka 1946, mhandisi wake Corradino D'Ascanio hakuwa mpenzi wa pikipiki za wakati huo, akaifunika injini na kuondoa cheni ili mtu avae nguo zake nzuri na afike nazo safi. Mbele kuna ngao ya miguu, chini pa kuweka kapu, na kwenye skuta nyingi za siku hizi hakuna gia za kuhangaika nazo, unavuta mafuta unaondoka. Ungekuwa unahamia Mikocheni au Upanga kwenyewe, ningekwambia nunua hata kesho.

Tatizo ni njia ya nyumbani kwako. Lami ya Goba ni nzuri, ila wewe huishi kwenye lami. Kutoka ulikopanga hadi uifikie kuna ule mteremko wenye mawe, kisha kilima chenye makorongo ambayo mvua huyachimba upya kila masika. Matairi ya skuta nyingi ni madogo, inchi 10 au 12, yakiingia kwenye korongo yanabaki humo na usukani unakuponyoka. Pikipiki ya kawaida ina rimu za inchi 17 au 18, shimo lilelile inalivuka. Tumbo la skuta nalo liko chini, na jiwe moja la Goba linatosha kulipasua. Halafu uzito wa injini yake uko nyuma, na kupanda kilima cha changarawe na mtu nyuma ni kazi hata kwa aliyezoea. Sisemi haiwezekani, wapo wanaofanya. Nasema utachoka nayo kabla ya vuli.

Tuje kwa Boxer 150 ya shemeji. Ana hoja. Ina nguvu, haisumbuki mlimani, spea zake zimejaa kila kona. Bodaboda wanaipenda kwa sababu wanabeba abiria wawili na gunia. Wewe utakuwa peke yako na mkoba, na siku mojamoja mtoto. Nguvu usiyoitumia unailipia kila unapopita kituo cha mafuta. Kuna na suala la leseni, na hili mwambie shemeji kwa upole: daraja A1 ni la pikipiki yenye injini ndogo, isiyo na kigari cha pembeni, ukipita cc 125 unahitaji daraja A. Ukianza chuo cha udereva, waeleze mapema unataka daraja gani. Mimi ningekushauri ufanye A hata kama utanunua 125, ili usirudie mtihani siku utakapobadili. Na usikubali kuuziwa njia ya mkato ya kupata leseni bila kujifunza. Darasani ndipo utakapojifunza kushika breki mbili kwa pamoja, na breki ya mbele ndiyo inayosimamisha pikipiki. Wengi mtaani wanaikwepa kwa hofu, wanakanyaga ya nyuma tu, tairi linateleza.

Kitu kingine cha kuangalia ni urefu wa siti. Kabla ya kuulizia bei, panda. Weka nyayo zote mbili chini, au walau vidole vya miguu yote miwili vikamate ardhi kwa nguvu. Kwenye foleni ya Mwenge utasimama na kuondoka mara nyingi kupita hesabu, na kila unaposimama miguu yako ndiyo stendi. Kisha iinamishe kidogo kushoto na kulia uone kama unaweza kuirudisha wima bila kumwita mwenzio. Usiyoweza kuinyanyua ikilala usiinunue, hata ukipewa kwa nusu bei.

Sasa mafuta, maana hapo ndipo uliponiuliza sana. Kutoka Goba kupitia Makongo unatokea Chuo cha Ardhi, unashika barabara ya Sam Nujoma, Mwenge, Morocco, halafu barabara ya Ali Hassan Mwinyi hadi daraja la Salenda, unaingia Upanga. Ni kama kilomita 20. Cc 125 iliyotunzwa inakwenda kilomita 40 hadi 50 kwa lita hata na foleni, kwa hiyo kwenda na kurudi ni lita moja au pungufu kidogo. EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi; tuseme lita ni shilingi 3,000, basi hiyo ndiyo gharama yako ya siku. Hapo niwe mkweli kwako: ukilinganisha na nauli ya daladala peke yake, hutaona faida kubwa. Faida iko kwenye bodaboda ya kukutoa ndani hadi stendi asubuhi na kukurudisha jioni, hiyo ndiyo inayokula mshahara wa watu wa huku. Iko pia kwenye muda. Daladala mbili na kusubiri kwake zinakupotezea asubuhi nzima ya mtoto anayetaka kuvalishwa sare. Mimi hiyo asubuhi naithamini kuliko elfu moja ninayookoa.

Matumizi yanayoumiza si mafuta, ni spea na uzembe. Oili weka ya pikipiki, ile iliyoandikwa 4T, usikubali ya gari hata fundi akikuapia. Klachi ya pikipiki inaoga kwenye oili hiyohiyo ya injini, na oili za gari nyingi zina viungo vya kulainisha vinavyofanya klachi iteleze. Injini inachukua oili kama lita moja tu, hivyo kuibadilisha kwa wakati ni gharama ndogo. Cheni isafishe na kuipaka oili, hasa baada ya mvua na vumbi la huku, na usiruhusu ifungwe ikakaza kabisa. Ibaki na mlegezo kidogo katikati, kama upana wa vidole viwili. Ukibadilisha cheni badilisha na sproketi zake zote mbili, yale magurudumu ya meno inakozunguka, la sivyo meno ya zamani yatatafuna cheni mpya. Upepo wa matairi pima kila wiki, tairi laini linakula mafuta na linakutelezesha kwenye kona.

Na ndiyo maana nasisitiza aina iliyozoeleka. Pale Kariakoo, upande wa Gerezani, utakuta pedi, kebo ya klachi, plagi na kabureta za TVS na Boxer duka hadi duka, unalinganisha bei kwa miguu. Kuna pikipiki za Kichina pia, na nyingi injini yake imenakiliwa kutoka Honda CG125 iliyotoka mwaka 1976, injini iliyosukwa kwa ajili ya watu wanaochelewa kubadili oili na wasio na fundi wa kampuni jirani. Injini yenyewe ni ngumu kweli. Kinacholegea kwenye hizo za bei rahisi ni vitu vya pembeni: nyaya, shokapu, rimu, taa. Ukipata ofa ya skuta ya mtumba kutoka nje, muulize muuzaji swali moja tu, mkanda wake wa ndani, ule unaozungusha tairi la nyuma, unauzwa wapi hapa mjini. Akianza kusema ataagiza, mshukuru uondoke.

Ukiamua mtumba badala ya mpya, soma hapa polepole. Nenda asubuhi mapema na usimtajie muuzaji saa kamili. Kabla hajaiwasha, sogeza kiganja karibu na ekzosi. Ikiwa ya moto, ameshaiwasha kuficha kwamba haiwaki ikiwa baridi. Iwashe mwenyewe kwa kiki, kisha kwa selfu. Moshi wa bluu usioisha ni injini inayokula oili. Piga magoti nyuma uangalie sproketi: meno mazima yana umbo la kilima kidogo, yaliyokwisha yanachongoka na kulala upande mmoja. Pitisha kidole kwenye mirija ya shokapu za mbele, kikitoka na mafuta, sili zimepasuka. Simama nyuma yake hatua chache uone kama matairi yamenyooka mstari mmoja, fremu iliyogongwa haifichiki ukiitazama hivyo. Kisha shika kadi halisi, usome namba ya chasisi pale shingoni kwa usukani na namba ya injini ubavuni, tarakimu kwa tarakimu. Zikiwa na alama za kukwaruzwa au kugongwa upya, ondoka. Jina kwenye kadi liwe la anayekuuzia, na pesa yako ya mwisho aipate mkiwa mnabadili umiliki TRA, mamlaka ya mapato.

Uogope zaidi ile iliyomaliza mkataba wa bodaboda. Dereva amepeleka hesabu kila siku mpaka ikawa yake, na wengi wanaiuza hapohapo ili wachukue nyingine. Imeoshwa, imepakwa rangi, siti mpya, na waya wa kilomita umechomolewa muda mrefu uliopita. Kwa nje inang'aa kama sahani ya harusi. Angalia mpira wa kiki na wa pedali ya breki, hivyo huwa wanasahau kubadili. Vikiwa vimeisha hadi chuma, kilomita zinazoonekana kwenye dashibodi si za kweli. Kwa hali yako mimi ningejibana miezi michache zaidi ninunue mpya. Kilomita 500 za mwanzo usiikamue, oili ya kwanza uimwage mapema, itakukalia miaka.

Hiyo ya umeme uliyoisikia, ya kubadilishana betri kituoni, kule Kigali na Nairobi zinaendelea vizuri na natamani zienee hapa. Kwa Goba yetu subiri kwanza vituo vijae.

Sasa mavazi, Zuhura, na hapa sikubembelezi. Dera na kanga vinanaswa na rimu na cheni, na mwanamke anavutwa nyuma kabla hajajua kinachomvuta. Vaa suruali ndani, dera ulikunje na kulibana chini ya mapaja, ukifika kazini unalishusha. Hakikisha kifuniko cha cheni kipo na kinga ya pembeni ya tairi la nyuma haijatolewa. Chini ya helmeti vaa ushungi mwepesi wa kubana, usio na pini hata moja. Pini ikigandamizwa na helmeti inakuwa msumari kichwani. Helmeti yenyewe iwe ya kufunika uso mzima hadi kidevu, yenye alama ya usalama ya ECE, ikubane mashavu kidogo, isizunguke ukitikisa kichwa. Tenga hela ya helmeti kabla ya hela ya pikipiki. Zile nyepesi za kuvalia kukwepa trafiki hazilindi chochote.

Mvua ikinyesha kubwa, simama. Kaa kibarazani mwa duka lolote, kazini wataelewa. Maji yakifunika barabara usijaribu kupima kina kwa pikipiki, shimo la mtaro huwa limefunuliwa chini yake. Na kwenye foleni pita taratibu, usimpite lori upande wa kushoto linapokaribia kukata kona, dereva wake hakuoni kabisa.

Usitoe arbuni kokote kabla hujafika. Ukishatua mizigo, nijulishe, Jumamosi ya kwanza twende wote Kariakoo asubuhi kabla ya jua kali. Fundi wangu amekubali kuja nasi, anataka nauli na chai tu. Baada ya hapo nitakuwa nakusindikiza jioni kwenye uwanja wa shule hapa jirani ujifunze klachi, hadi uweze kuondoka kilimani bila kurudi nyuma. Shemeji naye msalimie, umsomee hii barua aya ya tano.

Ndimi shoga yako,
Saida