Vijitabu vya Kichina bila alama vinatupoteza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie vijitabu vya kujifunzia Kichina vinavyotembezwa mitaani hapa Kariakoo. Nilinunua kimoja kwa shilingi 3,000 kabla ya safari yangu ya kwanza kufuata mzigo wa zipu na vifungo Yiwu, jimbo la Zhejiang. Ukurasa wa biashara ulisema kununua ni "mai". Mistari miwili chini yake, kuuza nako ni "mai". Nikadhani mpiga chapa kakosea.

Kumbe ni maneno mawili. Kununua ni mǎi, sauti inazama kisha inainuka. Kuuza ni mài, sauti inaporomoka kwa mkato. Nilisimama mbele ya fremu ya zipu nikasema neno langu mara tatu, na mwenye duka akawa anaangalia begi langu, akitafuta nilichomletea kuuza. Tulielewana kwa kalkuleta.

Kichina sanifu, ukiondoa kupanda na kushuka kwa sauti, kina silabi kama 400 tu, na hizo ndizo zinabeba lugha nzima. Tāng ni supu, táng ni sukari. Shuǐjiǎo ni maandazi madogo ya nyama yanayochemshwa, shuìjiào ni kulala. Sisi tunayo "paa" ya nyumba na "paa" wa porini, lakini hayo hutamkwa sawasawa na sentensi ndiyo inayoamua. Labda kinachokaribia ni "barabara" ya lami na kazi iliyofanywa "barabara", ambapo mkazo unahama. Maandishi ya pinyin, yaani Kichina kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini kama zetu, yaliyopitishwa China mwaka 1958, yana alama nne juu ya irabu za kuonyesha kupanda na kushuka huko kwa sauti. Wachapaji wetu wamezifuta zote.

Yapo pia maneno yanayolingana hata kwa sauti. Mtu wa ukoo wa Zhāng akijitambulisha hueleza ni Zhāng ipi: ile ambayo herufi yake ya Kichina imeundwa kwa "upinde" na "refu", au kwa "simama" na "mapema". Na safari ya pili nilibeba saa ya ukutani ya mninga, imechongwa Mlima Kilimanjaro, nimpe zawadi mwenye duka wangu. Kijana wa Kitanzania anayesoma kule, aliyekuwa mkalimani wangu, akanizuia mlangoni. Kumpa mtu saa, sòng zhōng, hutamkwa sawa kabisa na kumsindikiza mzazi katika kufa kwake. Nilirudi nayo, iko ukutani kwangu hadi leo. Mambo kama haya yanastahili ukurasa wake kitabuni, maana biashara ile yote ni kuaminiana.

Nawaomba wachapaji warudishe alama. Kijitabu changu nimezijaza mwenyewe kwa kalamu nyekundu, ukurasa kwa ukurasa, nikisaidiwa na yule kijana. Mchapaji atakayekitaka nitampa bure.

Mama muuza zipu na vifungo,
Kariakoo, Dar es Salaam