Namba 7 ina kipimo chake, nacho ni 1001

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu makala ya hisabati iliyotoka katika ukurasa wa wanafunzi. Mwandishi alieleza vizuri namna ya kutambua namba inayogawanyika kwa 2, 3, 5 au 9 bila kuigawanya, lakini alipofika kwenye 7 akasema kwamba hiyo haina njia, mwanafunzi agawanye tu. Njia ipo, nayo imo ndani ya namba 1001.

Namba hiyo hupatikana kwa kuzidisha namba tasa tatu zinazofuatana, yaani 7, 11 na 13, na papo hapo imeizidi 1000 kwa moja tu. Kwa kuwa elfu imepungukiwa na moja kufikia 1001, kila elfu iliyomo katika namba yoyote tunaweza kuihesabu kuwa ni kutoa moja, na kila milioni, ambayo ni elfu ya maelfu, kuwa ni kuongeza moja. Kwa hiyo tarakimu hukatwa tatu tatu kuanzia kulia, kama tunavyoandika fedha siku zote, kisha fungu la pili hutolewa katika la kwanza, na la tatu huongezwa. Fungu la kwanza likiwa dogo, liongezewe 1001 kabla ya kutoa, wala hakuna kitakachoharibika.

Tuchukue kikundi cha akina mama saba wa hapa Ngamiani wanaogawana akiba ya shilingi 2,345,600. Katika 600 toa 345, zibaki 255. Ongeza 2, upate 257. Ukigawanya 257 kwa 7 inabaki 5, basi na zile milioni mbili na ushei zitabakisha shilingi 5 zilezile, ambazo sidhani kama yupo wa kuzigombea. Wangekuwa 11, au 13, hesabu haianzwi upya: 257 hiyohiyo inabakisha 4 kwa 11, na 10 kwa 13. Zipo njia nyingine za kupima 7, lakini sijaona inayotoa majibu matatu kwa kazi moja.

Watoto huipenda zaidi kwa mchezo. Mwambie mtoto aandike namba ya tarakimu tatu mara mbili mfululizo, kwa mfano 384384. Akiigawanya kwa 7 atapata 54,912. Akiigawanya hiyo kwa 11 atapata 4,992. Na hiyo kwa 13, itarudi 384 aliyoanza nayo, kwa sababu kuiandika namba ya namna hiyo mara mbili ni sawa na kuizidisha kwa 1001.

Iko pia sifa nyingine: kikundi cha watu 14 kikitaka kamati ya watu wanne, kamati zinazowezekana ni 1001 kamili. Hiyo inapendeza kuitaja, ila siioni kuwa sababu ya kuifundisha.

Naomba toleo lijalo lirekebishe kauli ile kuhusu 7, na kanuni hii ichapwe pamoja na maelezo ya elfu iliyopungukiwa na moja, kwani mwanafunzi anayejua kujumlisha na kutoa ataweza kuyafuata hadi mwisho.

Msomaji wenu,
Ngamiani, Tanga