Barua kwa Wazazi na Walezi: Kufunga Muhula wa Kwanza

Ndugu Mzazi/Mlezi,

Salaam. Shule inafungwa Ijumaa saa 4 asubuhi. Tarehe ya kufungua imeandikwa kwenye ripoti ya mwanafunzi.

Naanza na furaha. Wasichana wetu wa mpira wa pete ni mabingwa wa wilaya katika UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, mara ya kwanza tangu nihamie hapa. Waliokuwepo uwanjani wanajua: hadi robo ya tatu inaisha tulikuwa nyuma kwa mabao matano. Mwalimu wao aliwapa maji, akawaambia wacheze kama walivyocheza jana yake jioni, basi. Tulishinda kwa bao moja. Mama mmoja anayeuza dagaa Mwaloni alivua kanga yake akaitandika chini ili kapteni apite juu yake. Nimefundisha miaka 19 na siku ile nililia mbele ya wanafunzi. Mabinti hawa walifanya mazoezi kila siku saa 10 jioni, jua la Kirumba likiwachoma, na hakuna hata mmoja aliyeshuka darasani.

Mitihani ya muhula: Kidato cha Nne wamepanda, Hisabati bado inatuangusha. Vyoo vya wavulana vimekamilika.

Sasa niseme lililonikaa rohoni. Wiki tano zilizopita patroni alikuta simu 14 darini kwenye bweni la wavulana, zimefungwa ndani ya soksi. Chaja zilikuwa zimeunganishwa kwenye waya wa taa uliochunwa kwa wembe. Bweni lile hulala watoto 48. Nikifikiria cheche moja tu, usingizi unakata.

Vijana hao 14 tulikuwa tumeshaanza kuwahangaikia. Walisinzia kipindi cha kwanza, waliacha chakula, walifoka wakiulizwa jambo dogo. Tulidhani malaria, tukawapeleka zahanati, vipimo vikawa safi. Mzazi mmoja aliniambia mwanawe amerogwa. Hakurogwa. Bando za usiku ni rahisi, kwa hiyo alikuwa akikesha hadi saa 9 usiku akicheza gemu na kubeti, na kengele ya kuamka inapigwa saa 11 alfajiri. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa muda wa saa 8 hadi 10 kwa siku. Huyu alikuwa akipata saa mbili tu.

Simu zilipoondolewa, wiki ya kwanza ilikuwa ngumu kuliko nilivyotarajia. Wengine walitembea usiku kucha. Mmoja, mtoto mpole niliyempokea mwenyewe Kidato cha Kwanza, alimsukuma kiranja ukutani akamvunja jino. Baadaye ofisini kwangu alieleza kwamba akiikosa simu moyo unamwenda mbio na kila anayemsemesha anamwona adui. Nilimwamini. Gemu na video zile fupi zimetengenezwa hivyo. Kijana anavuta skrini kama mvuvi anavyovuta mshipi: hajui safari hii kuna sato au majani, na kutojua huko ndiko kunakomfanya avute tena. Kila akibahatika, ubongo unamwaga dopamini, ile kemikali inayomwambia arudie. Akizoea hivyo, vitu vya kawaida, daftari, mpira, hata ugali wa mama, humpoozea.

Hili si jambo la kuchekea. Shirika la Afya Duniani limeingiza uraibu wa gemu katika orodha yake ya magonjwa inayotumika tangu Januari 2022. Dalili zake ni mtu kushindwa kujizuia, kuyaweka mengine yote nyuma ya gemu, na kuendelea hata akiona inamharibia, kwa kawaida kwa miezi 12 au zaidi. Ukiacha kamari, matumizi mengine ya intaneti hayamo katika orodha hiyo kama ugonjwa, na simwiti mwanafunzi yeyote mgonjwa. Lakini nimeona kwa macho yangu njia inakoelekea.

Na sasa wazazi. Moja ya simu zile iliingia siku ya kutembelea, ndani ya mfuko wa dagaa wa kukaanga, kwa mkono wa mzazi. Wazazi watatu wamekuja kuzidai, mmoja akanifokea mbele ya wanafunzi. Fomu ya kujiunga inayokataza simu mliisaini ninyi wenyewe. Mnapomficha mtoto kwa mwalimu, mnamfundisha kutuficha sisi sote. Niliumia, na bado naumia.

Sitamfukuza yeyote kati ya hao 14. Kila mmoja atafungua shule akiwa na mzazi wake, tukae pamoja na mwalimu wa ushauri nasaha. Aliyemvunja mwenzake jino, mzazi wake atagharamia matibabu.

Likizo hii simu ya mtoto ilale chumbani kwenu kuanzia saa 3 usiku, na mezani wakati wa kula zenu pia ziwekwe kando, maana anawatazama. Mpeni kazi: aende ziwani na baba, aanike dagaa, afundishe wadogo zake. Siku za mwanzo atanuna, vumilieni, msimpige. Mkiona halali wiki baada ya wiki, anajitenga, au anazungumzia kufa, msisubiri na msimfungie ndani. Mpelekeni hospitali. Bugando wana idara ya afya ya akili.

Ada: wazazi 37 hawajakamilisha, na wengine waliniahidi tangu Februari. Mzabuni wa mahindi haniuzii kwa ahadi. Malizeni kabla ya kufungua, au njooni tupange kwa maandishi. Watoto watakaocheleweshwa wiki nzima baada ya shule kufunguliwa, safari hii sitawapokea bila mzazi.

Simu zote 14 zipo kabatini kwangu. Nitakuwa ofisini Jumamosi kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 7 mchana. Zitakabidhiwa kwa mzazi mwenyewe mwenye kitambulisho, si kwa kaka wala bodaboda.

Wenu katika malezi,
Mkuu wa Shule