Shukrani kwa dada wa kwenye foleni

Dada yangu, jina lako sikuuliza, na sura yako naikumbuka nusu tu kwa jinsi nilivyochanganyikiwa siku ile. Nilimnyang'anya mwanangu funguo, akalia mara moja, sauti ikakata. Midomo ikawa ya bluu, akalegea mikononi mwangu, kisha vidole vikaanza kutetemeka. Watu wakapiga kelele: "Degedege hiyo! Mtieni kijiko!" Mmoja alishafungua chupa ya maji ammwagie. (Nia njema, najua.)

Wewe ulisema tu, "Mlaze ubavu, mama. Usimtie kitu mdomoni." Ukatazama saa yako. Sekunde 40, ukaniambia baadaye. Mimi ningeapa ni nusu saa.

Alipovuta pumzi ukaniuliza: "Kipindi hiki kimeanza na kilio, au kimemjia tu ametulia?" Daktari naye aliuliza hilohilo la kwanza. Kumbe watoto wa miezi 6 hadi miaka 6 hivi huweza kukatika pumzi kwa muda mfupi wakilia, wakikasirika au wakishtuka, wala si deko. Kifafa kwa kawaida hakingoji kilio. Huweza kumjia mtoto hata usingizini. Ukanisisitiza nimwone daktari hata hivyo, nirekodi kwa simu kikirudi, na niulize kuhusu kupima damu. Kweli, alipimwa akakutwa na upungufu wa madini ya chuma. Anatumia dawa, na vipindi vimepungua sana.

Leso yako ya kijani uliyomfutia mate ninayo bado. Namba yako iliitwa, ukaingia ndani, sikukuona tena. Ahsante sana, dada.