Kabla Hujaswali Istikhara

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Huku nyumbani wote wazima, alhamdulillah.

Ujumbe wako kuhusu kuhamishwa kikazi kwenda Kigoma nimeusoma. Neno "lazima" limejaa humo: lazima ubaki Dar es Salaam, lazima barua ya uhamisho ifutwe. Halafu mwishoni unasema utaswali istikhara, swala ya kumwomba Mwenyezi Mungu akuchagulie lililo la kheri. Mwanangu, moyo uliokwisha kata shauri hauna la kumuuliza Mola wake. Kwa hiyo Kigoma iache kidogo, tuanze na hiyo lazima.

Imamu Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, aliifananisha nafsi na mshirika wa biashara: unampa mtaji kwa sharti, unamwangalia akifanya kazi, kisha mnakaa kuhesabu. Nawe fanya hivyo. Baada ya Alfajiri kaa kwenye mswala dakika tano, uiwekee nafsi sharti la siku hiyo, mfano: "Leo mtu akinitajia Kigoma, nitamsikiliza mpaka amalize." Sharti liwe moja tu. Ukiweka matano, Adhuhuri haijaingia umeshayavunja, na kesho hutarudi.

Mchana ndipo penye kazi. Ghazali anaeleza kwamba huanza wazo linalopita, wazo likaamsha hamu, hamu ikazaa azma, azma ikawa nia, ndipo viungo vikatenda. Lidake likiwa bado wazo, maana likishakuwa azma utakuwa unalipigania, hulitazami tena. Mwili utakuambia mapema: taya limekaza, pumzi imekuwa fupi, jibu liko ulimini na mwenzio hajamaliza kusema. Hapo usibishane na wazo lenyewe, kwa kuwa ubishi ndio unaolinenepesha. Nyamaza. Kama umesimama, kaa, kama alivyofundisha Mtume (s.a.w.) kwa mwenye hasira, ukiweza, tia udhu. Sema "La hawla wala quwwata illa billah", yaani hapana hila wala nguvu ila kwa Mwenyezi Mungu, taratibu, pumzi itoke yote, mpaka mabega yashuke. Kisha jiulize: naogopa nini? Chini ya lazima mara nyingi pamelala hofu, ya upweke, ya gharama, ya kuonekana umeshindwa. Hofu ukiitaja kwa jina lake unaweza kuitafutia shauri. Lazima haishauriki.

Usiku, baada ya Isha, jihesabu ukiwa umekaa, si kitandani, usingizi utakuibia. Robo saa inatosha. Sharti lilitimia au halikutimia? Lilivunjikia wapi, na kwa neno gani? Wengi huharibu hapa kwa kujilaani usiku kucha, nako kujilaani ni kujishughulisha na nafsi ile ile. Leta istighfari, umwombe Mola msamaha, ulale, kesho rudia sharti lile lile.

Ukiona lazima imelegea, hata kidogo tu, ndipo uswali. Ni rakaa mbili zisizo za faradhi. Usiziweke baada ya Alasiri mpaka jua lizame, wala baada ya Alfajiri mpaka jua lipande. Usiku ni mzuri zaidi. Ukishatoa salamu, soma dua aliyoipokea Jabir bin Abdullah, ambayo Bukhari ameihifadhi katika kitabu chake cha hadithi, na ulitaje jambo lako waziwazi. Kama hujaihifadhi, isome kwenye karatasi. Ukiwa katika hedhi hutaswali, lakini dua unaweza kuisoma.

Isome kwa maana yake. Unaomba kwamba jambo likiwa na shari kwako, Mwenyezi Mungu aliepushe nawe, na wewe akuepushe nalo. Ni maombi mawili. Jambo linaweza kuondoka, moyo ukabaki umelishikilia miaka. Ndiyo maana dua inamalizia kwa kuomba kheri popote ilipo, kisha uridhishwe nayo. Ukifika kwenye neno la kuridhishwa na koo likakaza, usilipite mbio. Simama hapo, umwambie Mola wako kwamba bado hujaweza, na umwombe akusaidie uweze.

Usingoje ndoto, hadithi haikuitaja. Usiirudie kwa kutafuta jibu unalolitaka. Na usinitume mimi nikuswalie, dua nitakuombea kila siku, ila moyo unaotakiwa kulainika ni wako.

Kujisalimisha si kukaa. Tazama mpangilio wa aya ya 159 ya sura ya Aal Imran katika Qur'ani: kushauriana, kukata shauri, kisha kutawakali, yaani kumtegemea Mwenyezi Mungu. Ongea na mtu anayefanya kazi Kigoma sasa hivi, na mwingine aliyewahi kukataa uhamisho. Ukiona una sababu ya haki, andika barua ya kuomba ufikiriwe upya, ipitie kwa mkuu wako wa kazi kabla ya tarehe ya kuripoti. Ukishaikabidhi, acha kupiga simu kila asubuhi kuuliza. Simu hizo zitakuonyesha kama umekabidhi kweli au umekabidhi karatasi tu.

Jambo moja zaidi. Ukiona mawazo yanajirudia mpaka hulali, huli, au unarudia udhu na swala bila kuridhika, hilo si la kupambana nalo peke yako kwa nyiradi na dua. Nenda hospitali, umweleze daktari wa afya ya akili. Kutafuta tiba ni katika huko kutawakali.

Rasimu ya barua ya maombi nitumie niisome kabla hujaipeleka, na uniambie nauli ya Kigoma ni kiasi gani siku hizi.

Wasalaam,
Mamako